Swichi ya Waipa na Cheo cha Fundi Mkuu

Nilianza kumwonea wivu yule fundi mgeni siku ile alipofungua sanduku lake la vifaa na kutoa taa ya kupimia umeme, kitu kidogo chenye mpini kama wa bisibisi, balbu ndani yake, na waya mrefu unaoishia kwenye kibanio. Sisi mafundi wa karakana ya Lushoto tulipima moto kwa kugusisha waya kwenye bodi na kutazama cheche. Yeye alibana waya wake kwenye chuma, akagusa ncha pale alipotaka, balbu ikawaka, akasema moto upo. Wenzangu wakamzunguka kama wamemwona bibi harusi. Mimi nikasema kwa sauti kwamba gari halitengenezwi kwa mapambo.

Alikuwa ametoka Tanga na cheti cha ufundi, na viatu ambavyo havijawahi kuona grisi. Hata viatu nilivionea wivu, siwezi kuficha. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tukiitana ndugu kutwa nzima, na ndugu huyu mmoja nilikuwa sitaki hata kumtazama. Sababu yenyewe ni hii: fundi mkuu wetu, mzee wa Gare, alikuwa anastaafu arudi shambani kwake, na mkutano wa wafanyakazi ungemchagua wa kushika nafasi yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili pale. Kabla cheti kile hakijafika, nafasi ilikuwa yangu.

Wiki mbili kabla ya mkutano likaletwa lori la ushirika la kubeba mboga. Waipa zilikuwa zinakufa njiani. Dereva alisema alipanda kutoka Soni kichwa kikiwa nje ya dirisha, baada ya kusugua kioo kwa kiazi kibichi ili maji yateleze. Mzee alinikabidhi kazi ile mbele ya wote, nami nikaelewa kwamba ananipa nafasi ya kuonekana.

Jua lilikuwa limetoka; niliwasha swichi, waipa zikacheza. Nilikagua fyuzi nikaikuta nzima, nikaibadilisha hata hivyo, nikakaza waya, nikasema tayari. Desturi yetu ilikuwa fundi ashuke na gari hadi Mombo kulijaribu. Dereva akiridhika, fundi anarudi na gari lolote linalopanda. Tuliteremka asubuhi, jua la Mombo likituchoma, waipa zikifagia vumbi bila kusita. Dereva akaridhika, nikarudi kwa mbwembwe. Jioni yake, akipanda peke yake, manyunyu yakamkuta juu ya Soni na waipa zikasimama.

Nikasema basi ni mota. Niliishusha, nikaifungua, nikasafisha brashi zake, nikairudisha mahali pake. Kazi ya siku mbili nzima. Tukashuka tena Mombo, zikacheza tena, na jioni zikafa tena. Waliokuwa upande wangu wakaanza kukwepa macho yangu. Yule wa Tanga alikuwa amesogea nilipokuwa nimeifungua mota, akaniomba radhi kwanza, akaanza kusema labda tuangalie na kitu kingine. Nilimkatiza nikamtuma akapake grisi trekta. Kesho yake akajaribu tena, nikamtuma kwenye trekta lile lile. Viatu vyake vikachafuka, nami nikafurahi.

Asubuhi iliyofuata safari hiyo ya pili, ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya karakana. Nilifika kabla ya wengine, nikapanda kwenye lori, nikakuta taa yake ya kupimia juu ya kiti. Nilidhani ameisahau. Nilitazama huku na huku kama mwizi wa kuku, kisha nikaichukua. Skurubu za swichi zilikuwa zimeshalegezwa, lakini sikutaka kujiuliza ni nani aliyezilegeza.

Nikagusa waya unaoingiza moto kwenye swichi: balbu ikawaka. Nikawasha swichi, nikagusa waya unaotoka kwenda kwenye mota: giza. Moto ulikuwa unafia ndani ya swichi yenyewe. Nilipoifungua nikaona vipande vya shaba vimeota kutu ya kijani, na kibao kinachovisukuma vikutane kimevimba kwa unyevu. Kule Mombo kibao kilikauka, shaba zikagusana. Huku juu kilivimba, zikaachana. Na sisi wote, kwa miaka yote, tulikuwa tunajaribia magari yetu juani.

Nilipiga shaba msasa, nikakwangua kibao, nikarudisha taa kwenye sanduku la mwenyewe kabla watu hawajafika. Safari hii nilishuka na dereva na kupanda naye. Kwenye kona za Soni manyunyu yalitupiga vilivyo, na waipa hazikusimama hadi Lushoto. Wenzangu walisifu uzoefu wangu. Yeye pia alinipa mkono, nami nikaupokea kana kwamba ninamfanyia hisani.

Kwenye mkutano mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka kunichagua. Nilidhani ameona maji yamezidi unga.

Siku ya kukabidhiana funguo, mzee aliniambia bila kupandisha sauti kwamba yule wa Tanga alikwenda kwake jioni waipa zilipokufa mara ya pili, akamweleza kuwa kosa liko kwenye swichi na linakuja na unyevu. Mzee alimwambia alitengeneze mwenyewe basi. Akakataa, akaomba ruhusa tu ya kulegeza skurubu na kuacha taa kwenye kiti.

Nilimkuta uani, amelala chini ya trekta. Nikamwuliza kwa nini hakuja kuniambia mimi. Alijivuta akatoka, akafuta mikono polepole.

“Ungenisikia, kaka?”

Nilisimama pale na funguo za karakana mkononi, na wivu niliodhani umekwisha siku ya kuchaguliwa ulikuwa umezidi ule wa mwanzo. Sasa haukuwa tena wa cheti. Angeweza kuninyang'anya nafasi ile kwa neno moja mbele ya watu, na hakulisema. Ningekuwa mimi, ningelisema, tena kwa sauti kubwa.