Kisiwa cha Bwana Nino Pale Bladensburg

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutunza wazee, huko Temple Hills, Marekani, nilikabidhiwa glavu na mkanda wa kiuno, ule wa kumshikilia mgonjwa asianguke akitembea. Kisha nikatumwa kumwogesha bibi mmoja aliyenitukana mpaka nikalia. Mimi, mwalimu mzima kutoka Kisii! Msimamizi wa zamu, mwanamume mnene asiyecheka, alisema tu, "Futa machozi. Hajui ni wewe." Nyinyi mnaoingia kazi hii leo, anzieni hapo.

Nilihamishiwa Laurel, na mwishowe Bladensburg, nyumbani kwa Bwana Nino. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Bahari ya Mediterania akaondoka akiwa kijana. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfutia Marekani yote, mke aliyemzika, hata watoto wake. Kiingereza kilimbakia, sijui vipi. Kisiwa nacho kilibaki kizima. Kila asubuhi aliamkia kule, na mimi nilikuwa dada yake Tereza. Dada mweusi ti, na hakuona ajabu!

Muuguzi Msimamizi, mama wa Bukavu, alipokuja kutukagua nikamlalamikia kwamba kujifanya Tereza ni kumdanganya mgonjwa.

"Bon, mama Kwamboka," akasema, "ukimukatalia, atakukimbia. Kule anaenda, na wewe uende naye. Lakini mukono usimuachilie."

Basi nikahamia kisiwani. Tulizuru pwani yake humo humo nyumbani. Kabati la vyombo lilikuwa mnara wa taa. Ngazi za nyuma zilikuwa majabali meupe ambayo wavulana walirukia majini. Chini ya meza palikuwa na pango ambalo maji yake hung'aa buluu jua likiingia, na mashua ikipita mlangoni lazima uinamishe kichwa. Niliinamisha, nifanyeje? Nikajua kikanisa cha mabaharia, ngome iliyobomoka, na ukuta ambapo mama yao alianika nyavu. Mimi mtu wa milimani, kuogelea sijui, nikakariri pwani nzima.

Lakini niliogopa. Kuna fadhaa huwapata wagonjwa hawa alasiri, wakataka kwenda kwao. Ikimshika, Bwana Nino alisimama akasema, "Baba anatungoja bandarini." Na ukivuka barabara chache tu kutoka pale nyumbani, unafika mto Anacostia, wenye gati la mbao. Nilikuwa nikilifikiria gati hilo hata nikiwa kwangu.

Siku moja binti yake alileta vitu vya jikoni, akazima kengele ya mlango, ile inayolia mgonjwa akitoka, kisha akaenda zake. Nilitoka msalani nikakuta kiti kitupu na mlango wazi. Jamani! Nilikimbia na slipa, mkanda begani, simu sikioni nikiongea na polisi. Alikokwenda nilikujua.

Nilimkuta ukingoni kabisa mwa gati, viatu kavishika mkononi, vidole vya miguu vimeshapita ubao. Chini maji ya kahawia yalikuwa yanakwenda kasi. Nikimpigia kelele, atashtuka. Nikimvuta, atapigana nami tuzame wote.

"Nino," nikasema polepole, "baba amepitisha mashua upande wa pango."

Hakugeuka. "Pangoni? Na bahari imechafuka hivi?"

"Ndiyo. Tukamngoje kwenye mnara wa taa."

"Tereza, wewe mwongo tangu utotoni."

Akainua mguu mmoja.

"Nino, mama ndiye amenituma," nikasema, na kilio changu kilikuwa cha kweli. "Nikirudi bila wewe, nitachapwa mimi."

Mguu ukarudi kwenye ubao. Akageuka, akanitazama usoni, akanyoosha mkono. "Usilie. Hakuna atakayekuchapa."

Nilimfunga mkanda kiunoni papo hapo. Polisi walitukuta barabarani, yeye akinibembeleza.

Alifariki mwaka uliofuata kitandani mwake, mkono wake nimeushika.

Sasa nimestaafu, naishi Laurel na binti yangu Moraa. Wiki iliyopita nilijikuta nimesimama mlangoni, viatu nimevaa, na sikujua nilikuwa nakwenda wapi. Nimeogopa maji maisha yangu yote, lakini hofu kama ile sijawahi kuionja. Tangu hapo namfundisha Moraa njia za kwetu Kisii: ukitoka kanisani unateremka chemchemini, unapita mashamba ya chai, ndipo unapanda kwa mama. Ananikumbatia, ananijibu kwa Kiingereza kwamba nisijali, simu yangu inamwonyesha nilipo kwenye ramani.

Nilipo atapaona. Ninakokwenda, je? Jana jioni nilimwuliza tena, "Moraa, ukitoka kanisani unateremka wapi?"

Akatabasamu, akatikisa kichwa. Hakujua.