Mvuvi wa Samuye

Kilima chetu hapa Chato kinatazama ziwa, na wakazi wake wanatazamana sahani. Ukikaanga sato kule chini, harufu inapanda na upepo hadi kwangu juu. Ukipika dagaa siku tatu mfululizo, watu wanakupa pole kana kwamba umefiwa. Hapa mtu hapimwi kwa kazi yake, anapimwa kwa kichwa cha samaki. Akikimaliza ikabaki mifupa mitupu, huyo ni mtu wa ziwa. Akiacha macho, ni wa nchi kavu, na ataombewa.

Mimi ni wa Samuye, Shinyanga, ambako samaki mzima wa kwanza nilimwona kwenye kitabu cha darasa la pili. Baba alichunga ng'ombe maisha yake yote, na aliwauza mmoja mmoja ili nisome. Lakini nilipohamia hapa, jirani wa chini, bingwa wa vikaango na umbea, aliniuliza kwetu wanafanya kazi gani. Sijui shetani gani alinishika ulimi. Nikasema marehemu baba alikuwa mvuvi. Tangu siku hiyo nilijifunza kula vichwa vya samaki kwa siri, mlango nimefunga, nikikwamwa na miba na kujipiga mgongo mwenyewe. Mwaka haukuisha, nikawa nawafundisha wageni.

Kisha mama akaja kunitembelea, na mfuko wa michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Jirani akatuita chakula cha mchana. Akampakulia mgeni sato mzima. Mama akamtazama samaki, samaki naye akamtazama. Kisha mama akauliza kama kuna kijiko.

"Kijiko, mama? Si mlikuwa mnavua huko kwenu?" jirani akashangaa. "Mwanao anasema marehemu mzee alikuwa na nyavu za kutosha."

Mama yangu anaongoza maombi ya akina mama kanisani. Sijawahi kumsikia akidanganya hata umri wake. Alinitazama kidogo, kisha akainua kile kichwa kwa vidole viwili.

"Tulivua sana," alisema. "Mpaka tukachoka nao."

Akakitafuna chote, macho na yote, machozi yakimlengalenga. Jirani alifurahi mno, akamwongezea kingine.

Tulipanda kilima. Kwenye kona ya pili mama akakaa juu ya jiwe apumue. Niliona aibu, nikaanza kumweleza habari za ugeni, na kwamba kuishi na watu ni kazi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akatoa mwiba mdogo mdomoni, akauweka kiganjani mwangu.

"Mwanangu," akaniuliza, "ng'ombe wa baba yako walikukosea nini?"