Hakumwamini Mtu, Wala Waya

Fundi umeme wa mitambo niliyemgusia mara moja mbili katika safu hii, bila kumtaja jina kwa sababu alinikataza, amefariki dunia. Nilipigiwa simu na dada yangu aliyeko Lushoto, na kwa kuwa mimi hushuku habari mbaya kama ninavyoshuku habari njema, nilimwuliza kama ameuona msiba kwa macho yake au ameusoma kwenye kikundi cha simu. Akanijibu kwa hasira kwamba yuko pale pale msibani, anamenya viazi. Basi nikaamini. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kuwa sina mazoea ya kusifu marehemu. Kwetu mtu akishafariki anakuwa mwema ghafla, na wema huo wa ghafla sijawahi kuuamini. Kwa hiyo niseme mapema: huyu hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alikuwa mbishi, mwenye maneno makali, na hakumwamini mtu. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akakukazia macho na kuuliza, "Haya, nani amekutuma?"

Kazi yake ilikuwa kutafuta umeme unapotelea wapi kwenye magreda na vijiko, mashine zinazofungua barabara zetu za milimani kila mvua inaposhusha udongo. Watu wengi wakiona mashine kubwa imegoma kuwaka husema betri imekufa. Opereta anasema hivyo, bosi anakubali, inanunuliwa betri mpya, na baada ya muda mfupi nayo inakufa. Yeye neno hilo lilimkera. Alitaka kujua nani ameipima, kwa kifaa gani, na mashine ilikuwa inafanya nini wakati inapimwa. Aliwahi kunieleza kuwa betri ikipimwa huku imetulia itakuonyesha namba nzuri na kukudanganya mchana kweupe. Sharti uipime wakati stata, mota ya kuamshia injini, inaivuta, hapo ndipo utajua nguvu inafika inakokwenda au inaishia njiani. "Mtu akilala ni mwema," alisema. "Mpe kazi umwone." Nilicheka, yeye hakucheka.

Nilimwona akiwa kazini mwaka ambao masika yaliporomosha upande mzima wa mlima juu ya barabara ya kwenda Rangwi. Nilikuwa likizo, nimekwama huko pamoja na kabichi na karoti za watu zilizoanza kunuka kwenye viroba. Kijiko kililetwa kutoka yadi moja ya Lushoto, kinang'aa rangi mpya ya njano, na siku ya kwanza kilizoa udongo vizuri, watu wakapiga makofi. Kesho yake asubuhi opereta akazungusha ufunguo, ikasikika "ta" moja tu na taa zikafifia. Betri zikachajiwa, kikafanya kazi, asubuhi iliyofuata kimekufa tena. Zikaletwa betri mpya, nazo zikawa vile vile. Hapo watu wakaacha kuitazama mashine, wakaanza kutazamana.

Waliyemwona wa kwanza ni mlinzi. Alikuwa bwana mmoja wa Zirai aliyeoa Rangwi si muda mrefu kabla ya hapo. Kwenye ramani Zirai ni Usambara hii hii, lakini kwa watu wetu aliyetoka ng'ambo ya bonde la Lwengera ni mgeni, na mgeni hatetewi. Mtu mmoja alisema amemwona akichaji simu kwenye betri za kijiko. Kufikia mchana habari ilikuwa kwamba kila usiku anazifungua betri na kuzipeleka kuwasha banda la video. Kufikia alasiri alikuwa ameshaonekana amezibeba kichwani, betri ambazo wanaume wawili huzinyanyua wakiguna. Mtendaji wa kijiji akaleta mgambo, na ikakubaliwa kwamba fundi akishamaliza kazi, mlinzi ateremshwe polisi Lushoto. Baba mkwe wake alisimama pembeni, kofia mkononi. Alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba likithibitika, binti yake atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mlinzi alisikia, na kila mtu alimwona akisikia.

Fundi alifika na gari dogo la mizigo, amebeba betri zake mwenyewe zilizojaa, kwa kuwa hakuamini betri ya mtu mwingine.

"Shikamoo fundi," mlinzi alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi wa umeme?"

"Mimi si mwizi, mzee. Simu nilichaji kweli, opereta aliniruhusu. Lakini betri sijazifungua."

"Sijasema nakuamini. Kaa pale nikuone. Na wewe bosi, kaa pale pale. Opereta pia. Wote mmeigusa hii mashine."

Msimamizi wa kazi alicheka, akidhani ni utani. "Fundi, mwizi tumeshampata. Tunataka utuambie tu alikuwa anaunganisha wapi."

"Kama jibu unalo, mimi umeniitia nini?"

Akafunga betri zake, akamwambia opereta azungushe ufunguo. Ikalia "ta", kimya. Watu wakaguna, maana betri zile hazikuwa zimelala hata dakika moja mikononi mwa mlinzi. Ndipo akachukua mita, waya mmoja akaushikiza kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye chuma cha mashine, akataka ufunguo uzungushwe tena. Njia ya kurudishia umeme kwenye betri ingekuwa nzima, mita isingeonyesha kitu cha maana. Namba ikapanda. Alichukua waya wake mnene, akaunganisha kichwa kile cha hasi moja kwa moja na chuma kitupu cha injini, na safari hii kijiko kikanguruma na kutoa moshi mweusi. Watu wakashangilia. Yeye akaamuru kizimwe, akaingia chini ya mashine na spana.

Nilikuwa nimechuchumaa karibu na mnyororo ambao kijiko hutembelea, kwa hiyo nililiona jambo ambalo wengine hawakuliona. Alifungua waya mkubwa wa erthi, ule unaounganisha betri na mwili wa mashine, akapitisha ukucha mahali ulipokuwa umefungwa. Ukucha ukatoka na rangi ya njano. Alibaki amelala pale chini akiutazama ukucha, na mimi, kwa tabia yangu, nilijiuliza anapanga kutudanganya nini. Angeweza kukwangua rangi ile, akafunga waya, akatoka na kusema ilikuwa kutu. Nani angebisha? Kutu ya mvua haina mwenyewe.

Alipotoka aliita watu. "Mtendaji, njoo uiname hapa. Na wewe mzee, samahani, iname uone," alimwambia baba mkwe. "Hapa panatakiwa chuma kitupu, waya ukae chuma kwa chuma. Hapa kuna rangi. Mwanzoni umeme ulipenya kidogo kwenye bolti, sasa hauna pa kurudia. Stata haipati nguvu, na betri hazijai hata mashine ifanye kazi mchana kutwa."

"Nani aliyepaka?" msimamizi aliuliza haraka, akigeuza macho kutafuta mtu mwingine.

"Mgeni rasmi alipokuwa anakuja mlitaka mashine zote zing'ae. Rangi walipaka vijana wa yadi. Waya niliufungua mimi kule yadini ili wapake, na nikaurudisha mimi, juu ya rangi, kwa haraka. Sikukwangua. Huyu bwana mwacheni aende kwake."

Mlinzi alikaa chini kwenye tope akalia kama mtu aliyefiwa. Baba mkwe alivaa kofia yake, akamwambia kwa Kishambaa ainuke waende nyumbani, chakula kitapoa. Barabara ilifunguka. Fundi yule hakuitwa tena na yadi ile, na mafundi wenzake wa Lushoto wakambandika jina la Fundi Rangi, wakawa wanalitumia hata mbele ya wateja wake. Niliumia kwa ajili yake. Lakini sitaficha kwamba kwa muda mrefu nilishuku pia uungwana ule. Nilidhani labda kuna kitu aliahidiwa na ukoo wa mke, au alikuwa na ugomvi na msimamizi akatafuta njia ya kumwaibisha. Siku moja nilimwuliza waziwazi. Alinitazama kwa dharau ninayostahili. "Mashine ile iliguswa na mlinzi, opereta, bosi na mimi," alisema. "Nikijiruka mimi, nimepima nini?"

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia jinsi tunavyoshuku sisi wengine. Siku hizi mashine zinakuja na kioo ndani ya kibanda cha opereta, kinachoandika chenyewe kasoro iko wapi, na mafundi wanasoma kilichoandikwa na kukimbilia kununua kifaa kilichotajwa. Marehemu alikishuku kioo hicho pia, akisema nacho kinaishi kwa umeme ule ule, na umeme ukipungua kinaweza kuandika uongo kwa herufi nzuri. Nasi tunavyo vioo vyetu viganjani. Transfoma ikilipuka, maji yakikatika, mitihani ya watoto ikienda vibaya, kabla jua halijazama tumeshasambaziana picha ya mtu. Sijawahi kuona anayesambaza picha yake mwenyewe. Sisemi tuna roho mbaya. Nasema tunataka sana jibu lenye uso na miguu, ili tulifukuze kijijini tupumzike.

Nililiona hilo hata kwenye mazishi yake. Tulikuwa tumekaa kwenye maturubai, kwaya imemaliza, sufuria zinateremshwa, na minong'ono ikaanza upande wa ndugu zake. Eti juzi tu alikuwa mzima. Eti si bure. Eti chakula chake alikuwa anapika nani? Mjane alikuwa ndani, lakini dirisha lilikuwa wazi. Bwana wa Zirai, ambaye mpaka leo anaishi Rangwi na alikuwa ameteremka tangu siku ya kwanza ya msiba kupasua kuni, aliuweka chini mzigo aliokuwa ameubeba.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. Wakaitikia. "Mimi nilikaribia kwenda jela kwa sababu ya rangi. Aliyenitoa ndiye tuliyemzika leo. Sasa na huyu mama mnataka kumpeleka wapi?"

Mmoja aliomba apewe chai.

Baadaye mjane alinieleza mwenyewe. Mumewe alikuwa na presha ya muda mrefu na alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Alinunua mashine ya kujipimia, akawa anajipima nyumbani akiwa amekaa kwenye kiti chake, ametulia, ameshiba. Namba zilikuwa nzuri. Akatangaza kuwa madaktari wanataka tu kumfanya mteja wa kudumu, akaacha dawa. Mkewe alimsihi, akalia, akamleta hadi mchungaji. Yeye alimwonyesha namba. Alianguka kazini, amebeba betri. Habari hii imeniuma kuliko kifo chenyewe, na nina hasira naye mpaka ninapoandika haya.

Mjane ndiye aliyeniomba niiandike, ili watu waache kuuliza nani alikuwa anapika. Nami siwaambii kwamba tuache kushuku. Mimi binafsi nisingeweza hata kwa kulipwa. Ila kushuku ni kazi, na kazi ina utaratibu: anza na mkono wako, uukague kama unavyokagua wa mwenzako, ndipo uende kwa mwingine. Marehemu alifanya hivyo mbele ya kijiji kizima, na bwana wa Zirai akarudi kwa mke wake. Nyumbani kwake hakufanya. Huko kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumkagua, mkewe, na yeye hakumwamini huyo.