Miundi Yangu na Chai ya Timu

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilimkuta mzee mmoja ameketi kando ya kiwanja hapa Gatitu, soksi ameziteremsha, anajisugua miundi, ule mfupa wa mbele wa mguu. Uso ulikuwa umekunjamana kwa maumivu. Nilifurahi, sitakuficha. Usinihukumu kabla hujasikia: huyo alikuwa mwalimu wangu wa michezo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule yetu ikiwa katikati ya mashamba ya kahawa. Kila Alhamisi alasiri watoto tulichuma kahawa ya shule mpaka vidole vikanata, isipokuwa timu ya mbio. Wao walifanya mazoezi, kisha wakapewa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi, pamoja na ngumu, lile andazi kavu linalochosha taya. Ngumu niliipenda, sikatai. Lakini zaidi nilitaka kukimbia kwenye mashindano kule Nyeri mjini, kwa sababu bibi alikuwa ameahidi kuja kunitazama amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani.

Nikajiandikisha kwenye timu, ingawa sikuwa nimewahi kukimbia mbio zozote za maana. Mvua ilikuwa imegeuza kiwanja kuwa tope, basi mwalimu akatuhamishia kwenye lami, kutoka langoni hadi darajani na kurudi, miguu mitupu, kila siku. Wiki ya pili miundi yangu iliwaka moto. Ukiigusa kwa kidole tu, naona nyota mchana. Nikamwambia mwalimu. Kesho yake, shule nzima ikiwa mstarini, akaniita mbele.

"Huyu anataka chai, mbio hataki," akasema. "Ati mfupa inauma! Ni uvivu inauma."

Shule ikacheka mpaka walimu wengine wakashika mbavu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Ngumu, na nikarudishwa kwenye kahawa. Hata leo nikipita mtaa wa Majengo kuna watu wazima, wenye wajukuu, wanaoniita hivyo.

Bibi hakucheka. Alipasha chumvi moto, akaifunga kwenye tambara, akanikanda taratibu. "Mguu si ya mwalimu, ni yako," akaniambia. "Ikisema imechoka, wacha ipumzike." Akanikataza mbio kabisa kwa siku kadhaa. Kisha akanituma mtoni kwa kutembea tu, halafu kwenye nyasi: nikimbie kutoka mti huu wa kahawa mpaka wa tatu, nitembee, nikimbie tena. Alikaa akimenya viazi huku akinitazama. Maumivu yakaondoka polepole, yasirudi.

Jumatatu kabla ya mashindano nilimwendea mwalimu, nikaruka ruka mbele yake ili aone nimepona. Hakuinua hata macho kutoka kwenye orodha yake. "Chai imeisha, Ngumu," akasema.

Sikulia mbele yake. Nililia nyumbani, na bibi akakirudisha kitambaa cha kanisani sandukuni.

Siku hizi nafundisha wanaoanza kukimbia, akina mama wa kanisa na wastaafu. Kila mgeni namwambia: tembea zaidi ya unavyokimbia, tafuta nyasi, pumzika siku moja kati ya mbili. Mwalimu alipokuja kujiunga nasi, akiwa na viatu vipya na ameambiwa na daktari apunguze sukari, aliniita kutoka mbali, "Ngumu!", kwa furaha, kana kwamba jina hilo lilikuwa zawadi. Nikatabasamu. "Karibu, mwalimu. Wewe kimbia tu."

Akakimbia kama anayefukuzwa na mbwa. Siku ya kumi maumivu ya miundi yakamkamata. Nilijua dawa yake na nikanyamaza asubuhi tano nzima. Mwosha huoshwa, nilijiambia, na maneno hayo yalikuwa matamu kuliko muwa.

Asubuhi ya sita ndipo nilipomkuta na soksi chini. "Hii mfupa inaniuma mpaka silali," akasema. "Na nisipofanya mazoezi, daktari anasema sukari itanimaliza. Ni nini, mama?"

"Ni uvivu, mwalimu," nikajibu kwa sauti, kundi zima lisikie.

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama sana, kisha akainamisha kichwa. "Nimekumbuka," akasema. "Niliona wewe ni wa kupenda chai tu. Sikuangalia hiyo miguu. Pole."

Nikachuchumaa nikamwelekeza yote: chumvi, mapumziko, nyasi, hatua chache chache. Alifuata kila neno.

Jana aliuzunguka uwanja wote bila kuchechemea, akanipungia mkono. Pale palipokuwa kiwanja chetu cha shule pana nyumba za kupangisha, na bibi amelala kaburini bila kuniona nikikimbia mashindano hata mara moja. Nilimpungia pia, meno nimeyauma. Mzee wa miaka sabini amepewa nafasi ya kuanza upya, na ni mimi niliyempa.