Sweta Chini ya Bahari

Nimefundisha historia Othaya, kule milimani kwenye baridi, miaka kumi na minane, na ndege ya vita niliijua kwa picha ya kitabu tu. Kwa hiyo walimu wetu walipoenda matembezi Pwani mwezi wa nane, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha kuzamia moja iliyoanguka huko zamani na kulala chini ya bahari.

Lakini mtu wa kwetu haamini maji. Mtoni kwetu ukioga asubuhi, meno yanagongana mpaka saa nne. Nilipopewa kofia na vazi la mpira la kuzamia, nikaingia chooni, nikavaa ndani yake sweta nzito ya sufu aliyonifumia mke wangu.

Baharini mwili wangu ukakataa kuzama. Omari, mzamiaji aliyetuongoza, akanifunga vyuma vya uzito kiunoni, akaongeza vingine.

"Mwalimu, mbona waelea hivi?"

"Mifupa ya mlimani ni myepesi," nikamjibu.

Hatimaye nikaiona. Mabawa yamejaa matumbawe, na samaki wa manjano wanatoka pale rubani alipokuwa akikaa. Nililia kwa furaha ndani ya miwani. Ila maji yalikuwa vuguvugu, nami nilikuwa nachemka kama mahindi na maharagwe ya githeri sufuriani.

Tuliporudi kwenye boti, Omari aliutazama uso wangu. "Mwalimu, waumwa?" Kabla sijajibu, akanifungua zipu mpaka kitovuni.

Walimu wote wakasogea kutazama. Mwalimu Wanjiru, naibu wa mkuu wetu, ndiye aliyesema kwanza.

"Ati sweta? Na kofia je, umeiacha wapi?"

Nikavua polepole ile kofia ya mpira. Ya sufu ilikuwa chini yake.