Alama kwenye Asali ya Marehemu

Mwaka 2013 nilikuwa naishi kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Mume wangu alifariki kipindi cha mvua, akaacha ndoo za asali aliyoirina mwenyewe. Mwenye duka mmoja wa Kasulu alikubali kuiuza, mradi kila chupa iwe na lebo inayoonyesha asali ni ya nani. Nilitaka lebo isiyo na uongo hata kidogo.

Tuliondoka Kibondo asubuhi, mimi na shemeji, mdogo wa marehemu. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, nikaona kana kwamba gari linapita juu ya maziwa na hatutafika popote. Sikuchukia.

Kasulu, fundi wa kuchapa alitushauri tuchukue lebo za plastiki, maana za karatasi zikiguswa na mikono yenye asali hulowa na kubanduka. Nikakubali. Kisha akaweka picha ya ua la alizeti.

“Nyuki wetu hawalijui hilo,” nikasema. “Wanakwenda kwenye maua ya miti ya miyombo.”

Shemeji akacheka. “Huyu hata nyuki anawatolea ushahidi. Mpe duka, atalifunga kwa ukweli.”

Nikachora alama ya mume wangu: mistari miwili na nukta katikati. Kwetu kila mrina asali huchonga yake kwenye mzinga, ili watu wa msituni wajue una mwenyewe. Nikamwambia fundi aandike chini yake: Imerinwa na marehemu.

Fundi akaacha kuandika. “Mama, nani atanunua? Watasema ni asali ya msibani.”

“Lakini ndiye aliyeirina.”

Shemeji aliacha utani. “Shemeji, alama ile haikusema kaka yupo. Alikuwa akilala nyumbani, na mizinga yake msituni haikuguswa. Ilisema ni yake, basi.”

Nilisikiliza mashine ikinguruma taratibu kama mzinga. Kisha nikasema ibaki alama, na maneno “Asali ya miyombo, Kibondo.” Lebo ziwe za kutosha ndoo zile tu. Asali atakayorina shemeji itabeba alama yake mwenyewe.

Tulipopeleka chupa, mwenye duka aliinua moja mlangoni, jua likapita ndani yake. Akauliza kama mwenye alama ataleta nyingine.

“Amefariki,” nikasema. “Hii ikiisha, imeisha.”

“Pole sana, mama.” Akaipanga chupa kwenye rafu, alama ikitazama nje.