Motokari Isiyoweza Kusimama

Sisi tuliolelewa Musonoi, mtaa wa wachimba shaba, tunajuana. Mtu akitaja tu sirena ya mgodi, roho inarudi nyuma: baba zetu wanatoka kazini na kofia ngumu kichwani, bukari inasongwa, na vumbi limeshatangulia kuonja samaki. Kandambili zetu zilikatwa kwenye mikanda ya mpira ya mgodini. Hazikuisha, jamani! Miguu ndiyo ilikuwa inaisha. Watoto wa leo simu ikizimika kidogo wanaomboleza kama wamefiwa. Sisi tuliruka kamba mpaka giza, kisha mama akatuita kwa majina yote tuliyobatizwa, na hapo ulijua ukichelewa utakiona.

Baba yangu alikuwa karani wa stoo, na katika mstari wetu wa nyumba yeye peke yake alikuwa na motokari: ya Kifaransa, rangi ya maziwa, aliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Jumapili aliiosha kabla ya kuoga mwenyewe. Kula mikate ndani yake, yale maandazi yetu, ilikuwa marufuku, na mikate tuliipenda, maana jirani yetu mjane, Mama Ngalula, aliikaanga kila asubuhi na harufu ya mafuta ilitutoa kitandani kabla ya mtu kutuamsha. Ndani ya motokari hiyo Mama Ngalula alimshika mama yangu mkono hadi maternite siku niliyozaliwa. Ndiyo sababu mimi pia ni Ngalula. Kwetu, mtu uliyepewa jina lake ni majina yako, na majina hamnyimani kitu. Mama Ngalula hakuwahi kuniita vingine. "Majina, kuya ukule," alikuwa anasema, na mkate wa kwanza ulikuwa wangu, wenye moto wa kuunguza ulimi.

Halafu ikaja ile miaka. Nimechoka kuisimulia, lakini nani mwingine ataisimulia? Mishahara ilikatika, sirena ikanyamaza, na midomo ikaanza kusema kwamba watu wa Kasai, mkoa wa mbali, warudi kwao. Kwao wapi? Mama Ngalula alizaliwa hapahapa Musonoi. Hiyo Kasai aliisikia kwa mama yake tu, yule bibi tuliyemwita Kaku, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa na alikuwa anabebwa hata kwenda msalani. Nyumba za wenzao zilianza kuvunjwa. Waliobaki wakaambiwa waende stesheni kungoja gari ya moshi.

Baba alisema mezani, "Kaku hatatembea na miguu mpaka ku gare. Mi nitamupeleka na motokari."

"Tata, ile motokari si ilishakufa?" mama akamuuliza.

Ilikuwa imekufa kweli, tangu mvua za mwanzo. Ambrayaji yake, yaani klachi, ilikuwa imevunjika buté, kile kipande cha mviringo kinachosukuma ukikanyaga pedali, ili injini iachane na magurudumu upate kusimama na kuondoka tena. Bila buté, na batri nayo ikiwa mbovu kama yetu, motokari inasukumwa na watu hadi iwake, na ikiwaka itaenda. Ila usisimame. Ukisimama injini inazimika, na sharti upate tena wanaume wa kusukuma. Nani angesukuma motokari iliyobeba watu wa Kasai?

Baba akatafuta buté. Maduka ya vipuri yalifungwa, kwa sababu wenye maduka karibu wote walikuwa haohao waliofukuzwa. Alitembea hadi Mutoshi, akaonyeshwa buté ya lori, kubwa kama sahani. Alituma ujumbe Dilolo, kule mpakani, kwa msafirishaji mmoja, jibu likaja kwamba ng'ambo ni vita, hakuna kinachovuka. Kila jioni alirudi na viatu vyeupe kwa vumbi, akaketi bila kuvua kofia. "Mji mzima wa shaba," alisema, "kipande kama kikombe kinakosekana!" Mama alimwekea chakula, baba akakisukuma pembeni. Mimi nilimwonea huruma baba yangu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Siku hizo vijana walikuwa wanauliza watoto majina yao barabarani. Jina langu, jina la Kikasai, likamtisha mama, akanipeleka kwa tantine, dada yake, aliyekaa kando ya barabara ya stesheni. Sikumuaga Mama Ngalula. Niliambiwa nitarudi kesho.

Kesho yake ndiyo siku waliyoondoka. Baba alichoka kutafuta, akawapakia bila buté, wajomba zangu wakasukuma. Mama Ngalula alimwomba jambo moja tu: "Tata, tupitie kwa tantine, nimuone majina yangu." Baba alimkubalia. Hakuwa na moyo wa kukataa.

Nilisikia injini kabla ya kuiona motokari. Vijana walikuwa wameweka mti wa kizuizi katikati ya barabara karibu na nyumba ya tantine, na walipiga kelele, "Simama! Simama!" Baba alitoa kichwa dirishani: "Haisimame! Haina ambrayaji!" Waliruka huku na huku, mmoja akauinua mti haraka asigongwe, wakabaki wanacheka. Ingekuwa nzima baba angesimama, na wangewauliza wametoka wapi. Kwa hiyo ilipita.

Ikapita na mlangoni kwa tantine pia. Baba alipunguza mwendo hadi motokari ikaanza kutetemeka. Nilikimbia kando yake. Mama Ngalula alinyoosha mkono dirishani, ndani ya mkono kuna mikate kwenye gazeti, akaniita, "Majina! Majina yangu!" Niligusa gazeti, nikagusa vidole, basi. Mikate ikamwagika vumbini. Niliketi chini nikalia, na tantine hakunikataza.

Stesheni motokari ilizimika, na baba akambeba Kaku hadi ndani, akamshusha kutoka mgongoni mwake. Kati ya magodoro na masufuria alimkuta mtu anayemfahamu: mwenye duka la vipuri, amekalia gunia. "Tata, unatafuta nini huku?" Baba akasema buté. Yule bwana alicheka mpaka machozi, akafungua gunia, akaitoa, mpya, ingali na grisi. "Kamata. Kule banatutuma, mi sina duka."

Buté hiyo imo ndani hadi leo. Motokari iko uani kwangu, baba hayupo, na juzi buté imekwisha tena. Fundi kijana ameitafuta kwenye simu wiki nzima, mwisho akaniambia, "Mama, uuzishe tu ku batu ba vyuma." Niiuze kama chuma chakavu? Nilimfukuza. Habari za Mama Ngalula sikuzipata kamwe. Niliuliza hadi wa kuulizwa wakaisha.

Jana niliketi mlangoni nikiwatazama vijana wa taxi-moto na pikipiki zao. Wanabana ambrayaji kwa vidole viwili, simu sikioni, wanasimama popote wapendapo: kwa mama mwenye kapu, kwa rafiki, kuulizana tu matokeo ya mpira. Kisha wanaondoka, hata hawajui wamefanya nini. Sisi siku ile tulihitaji kusimama dakika moja tu, na mji mzima ulikuwa hauna buté moja.